Ugomvi wa Nanasi Bichi

Mliniomba vipimo. Mkamtuma mjukuu wangu Shiru kwa sababu mnajua siwezi kumkatalia, naye akaja hadi mlangoni kwangu hapa Kamenu, simu mkononi.

"Guka, sasa?"

"Sasa ni ya wenzako. Nisalimie vizuri."

"Haya, habari ya asubuhi, Guka?"

"Mzuri. Ingia."

Hakuingia. Vijana hawana muda wa kuingia. Akaegemea mlango akasema, "Si sisi youth wa kanisa tunataka kuuza tikisa hii Krismasi. Tuandikie tu recipe. Kitu short. Hata page moja ni sawa."

Kitu short! Mtu amesimama mbele ya sufuria ya jeli tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zikahama kichwani kabisa, halafu anaambiwa aandike kitu short. Basi Shiru, na nyinyi wengine mliojificha nyuma yake, vipimo nitawapa. Lakini vitakuja vimechanganyika na maneno, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyovipata mimi.

Kwanza nionyesheni mikono.

Sitanii. Kwa asiyejua, tikisa ni peremende ya jeli, laini, inayokatwa vipande vya mraba. Haiingii oveni, haichomwi, na ukiiweka kwenye kiganja hutikisika kama shavu la mtoto mnene. Ya Krismasi huwa na matabaka matatu: nyekundu, nyeupe na kijani. Sasa, jeli haipendi mikono ya moto, na mimi nilizaliwa na mikono ya moto. Siku ya kwanza niliporuhusiwa kutoa tikisa kwenye trei, kila niliyoigusa ilibaki na alama za vidole vyangu kama kitambulisho. Mama Nyambura, aliyekuwa mwenye kazi, akaushika mkono wangu akaupima vile mzazi anavyopima homa ya mtoto.

"Ndung'u," akasema, "wewe Mungu alikuumba uoke mikate. Lakini hapa mikate hatuna. Enda uweke mikono kwa maji."

Tangu siku hiyo beseni la maji baridi lilikaa kando yangu. Hata leo nikitaka kumsalimia mtu wa heshima, mikono yangu hutafuta beseni kwanza.

Huyo Mama Nyambura lazima niwajulishe, maana bila yeye hakuna tikisa. Jina lake la kuzaliwa nalijua lakini sijawahi kulitamka. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake. Alikuwa amenizidi umri kama dada wa kwanza anavyomzidi kitinda mimba. Alikuwa mzaliwa wa Thika aliyeolewa Ruiru, na huko Ruiru, nyuma ya safu ya maduka, alikuwa na chumba cha mabati chenye jiko la makaa, meza mbili ndefu na dirisha moja. Mimi niliajiriwa kubeba magunia ya sukari na kuosha sufuria. Wanaume wenzangu wakinipita waliniita Bwana Jeli, wakicheka, na wikendi walewale walituma watoto wao kuja kununua.

Nje ya chumba alitaka kibao. Sasa mnajua sisi na herufi zetu mbili, L ya ulimi na R ya kutetemesha. Mama Nyambura alimwambia mchoraji vile anavyotamka, na mchoraji naye alikuwa mtu wa kwetu, akaandika vile alivyosikia: JERI TAMU HAPA. Wiki hiyohiyo mzee mmoja akaingia kutafuta jerikeni ya lita ishirini. Mama Nyambura akamkalisha, akamlisha tikisa ya ukwaju, na mzee akaondoka bila jerikeni lakini na pakiti mbili. Kibao hakikurekebishwa. Alisema kinaleta watu.

Sasa jelatini. Jelatini ni unga mkavu wenye maringo. Ukiumwagia maji moto ghafla, unajikunja vidonge vidonge na hutakaa uuone ukilainika. Kwa hiyo chukua maji baridi kwenye bakuli pana, nyunyiza jelatini juu yake kama mtu anayenyunyiza chumvi kwa nyama. Si maji juu ya jelatini. Jelatini juu ya maji. Halafu ondoa mkono. Iache inywe. Itavimba, itakuwa kama sponji iliyolowa, na hapo ndipo utaiweka juu ya mvuke iyeyuke polepole. Isichemke. Jelatini ikichemka hupoteza nguvu, na itakuaibisha mbele ya wageni.

Wakati inayeyuka, juisi na sukari vinakuwa vimeshapikwa kando na vimeanza kupoa. Kama unaweza kutia kidole na kuhesabu polepole bila kulia, ni wakati wa kuchanganya. Ndimu iwe ya mwisho, na iwe kidogo, kwa sababu uchachu mwingi hudhoofisha jeli.

Kisha unamimina, na sasa inakuja kazi ngumu kuliko zote, ile inayowashinda nyinyi: kutofanya kitu. Sisi hatukusema jeli imeganda. Tulisema imelala. Na mtu aliyelala haamshwi aulizwe kama amelala. Ikiwa unataka kumimina tabaka la pili, ngoja la kwanza lisinzie tu, lisilale kabisa, ndipo yashikane. Ukimimina mapema rangi zinaingiliana, ukichelewa tabaka linateleza likatoka kama kofia. Pima kwa mgongo wa kidole kilichotoka kwenye maji baridi. Ikikushika kidogo kisha ikakuachilia, imesinzia.

Nilipomsomea Shiru hapa aliniambia, "Guka, lakini siku hizi kuna mold za silicone. Za nyota, za mti wa Krismasi. Unatoa tu, pap!"

Nimeziona, na ni nzuri. Sisi tulitumia trei za mbao tulizopaka mafuta kidogo, na za umbo la duara tulimimina kwenye vifuniko vya chupa. Mambo ya zamani si lazima yawe bora. Lakini nyota ya plastiki haiwezi kukuambia kama jeli imesinzia. Kidole bado ni chako.

Niwape na moja ya friji. Friji hatukuwa nayo miaka mingi. Desemba yetu hapa mnaijua, jua linaamka na hasira, na Krismasi yote inakuja wakati jeli inataka kuyeyuka. Mwenye bucha jirani akatuonea huruma, akatupa nafasi kwenye rafu ya chini ya friji yake. Tikisa zikalala vizuri ajabu. Tukazipanga, tukazifunga, tukapeleka Thika kwa mteja wetu mkubwa, mwalimu mmoja mpole sana. Akaonja moja. Akatafuna polepole. Akauliza kwa adabu yake yote, "Samahani, hii ni ya chai ama ni ya supu?" Zilikuwa zimenywa harufu ya mbuzi mzima. Kwa hiyo funika. Hata kama friji ni yako na ina maziwa tu, funika.

Nataka sasa niwaambie kwa nini mwaka huu nimekubali kuandika, kwa sababu mmeniuliza miaka mingine nikawaambia nina kazi shambani.

Mwaka jana, Krismasi ikikaribia, Nyambura alinipigia simu kutoka Murera. Nyambura ndiye yule mtoto tuliyemwita mama yake kwa jina lake; sasa ni mama mtu mzima, amejenga huko, na ndiye anayekaa na mama yake.

"Anko Ndung'u," akasema, "Mum hakuli."

Nikamuuliza tangu lini. Akaniambia tangu alipotoka hospitali. Daktari alimwangalia vizuri akasema koo lake halina shida, tumbo halina shida. Ni yeye amefunga mdomo. Uji anakataa, supu anakataa, anageuza uso tu. Hata kuongea ameacha.

"Wamesema asipoanza kula kufikia Krismasi nimrudishe, wamwekee mpira wa kupitisha chakula puani. Na anko, maneno ya mwisho aliniambia tukitoka huko ni, 'Nyambura, usinirudishe. Krismasi niwe kwangu.' Sijui nifanye nini. Nikimlisha kwa nguvu analia. Nikimwacha, namuua."

Halafu alilia yeye. Nilimngoja amalize, kwa sababu kulia nako hakuharakishwi, kisha nikamwambia, "Kesho nakuja. Usimlazimishe leo. Mpe maji tu." Nikakata simu nikakaa kitandani nikiwa nimeishika. Niliogopa sana, wanangu. Sitawadanganya.

Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kutafuta nanasi.

Ili mjue kwa nini nanasi, turudi Ruiru. Ilikuwa moja ya Krismasi zetu za mwanzo. Walimu wa Sunday school walikuwa wameagiza tikisa za watoto wote wa kanisa. Mama Nyambura akasema amechoka kuuza rangi na sukari. "Mtu wa Thika bila nanasi ni mtu gani?" Tukaleta mananasi yaliyoiva mpaka yananukia kutoka mlangoni. Tukakamua, tukachuja, tukachanganya na jelatini kwa adabu zote. Tukamimina, tukafunga mlango, tukaenda nyumbani.

Asubuhi trei zilikuwa maji. Simaanishi jeli laini. Maji.

Siku ya namna hiyo ndiyo hukujulisha watu. Kwanza nililaumiwa mimi, kwamba nilifungua dirisha joto likaingia. Kisha akalaumiwa aliyetuuzia jelatini Thika, kwamba aliichanganya na unga wa ngano. Kisha fundi viatu wa jirani, maskini, ambaye alikuwa amechungulia jana yake akasema, "Leo hapa kunanukia vizuri." Mama Nyambura akasema huyo ana macho mabaya. Tukapika tena, jelatini maradufu. Maji. Tukaombea sufuria. Maji yaliyoombewa.

Na watoto walikuwa wanangojea. Mama Nyambura akasimama katikati ya chumba, akakaza leso kiunoni, akaniambia, "Ndung'u, tafuta vikombe." Tukaipeleka kanisani kwa ndoo safi tukaiita juisi ya Krismasi. Watoto walikunywa wakarudi foleni. Mwalimu mmoja akasema hajawahi kuonja juisi kama hiyo, siri yake ni nini? Mama Nyambura, bila kupepesa jicho, akamjibu, "Ni maombi."

Alicheka kanisani, lakini tukirudi alitembea mbele yangu njia yote, ndoo tupu mkononi. Lile jambo lilimuuma. Angewezaje kushindwa na nanasi, yeye wa Thika?

Mwaka mpya ukaingia. Siku moja nikiwa naosha sufuria nikamsikia akija mbio, na hakuwa mtu wa mbio.

"Ndung'u! Jelatini ni nini?"

"Ni unga."

"Unga ya nini? Inatoka wapi?"

"Inatoka duka, Thika."

"Na kabla ya duka?"

Nikafikiri. "Ng'ombe. Ngozi na mifupa."

"Haiya! Sasa sikia. Nimepita kwa yule kijana wa nyama choma, nimempata akipaka nanasi mbichi kwa nyama ya ng'ombe mzee. Nikamuuliza, hiyo ni nini? Akaniambia, nanasi inatafuna nyama kabla wewe uitafune." Akaketi juu ya gunia la sukari, akihema. "Ndung'u, sisi tumekuwa tukiweka ng'ombe na adui yake kwa sufuria moja, halafu tunawaambia walale!"

Siku hiyohiyo tulilichemsha nanasi mpaka likatokota kila upande, tukaliacha lipoe, tukachanganya. Likalala kama mtoto aliyeshiba. Moto ulikuwa umemaliza ugomvi. Na tangu siku hiyo, kabla ya kumimina trei yoyote ya nanasi, Mama Nyambura aliinua kichwa kutoka mahali popote alipokuwa akauliza kwa sauti, "Ugomvi imeisha?" Na mimi nilipaswa kujibu, "Imeisha, Mama." Bila jibu hilo hakuna kilichomiminwa. Paipai bichi ni hivyohivyo, na tangawizi mbichi pia; nikisema bichi ni lisilopikwa, hata kama limeiva. Shiru, hiyo ipigie mstari.

Lakini ushindi wake haukumridhisha. Kila alipoonja tikisa ya nanasi alikunja uso kidogo, kidogo tu.

"Ni tamu," alikuwa akisema. "Lakini nanasi ya kuchemsha ni kama mtoto amerudi kutoka Nairobi. Ni yeye, na si yeye."

Alitaka lile nanasi lenyewe, lile linalowasha ulimi. Alijaribu maganda, akajaribu kuongeza matunda ya pasheni, akajaribu kuchemsha nusu. Hakufaulu mpaka tukafunga kazi.

Kuna jingine la kuwaambia kabla hatujafika Murera. Nilipofiwa na mke wangu, binti yangu Muthoni alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilirudi kazini na yeye, kwa sababu sikuwa na mahali pa kumwacha, na Mama Nyambura akamtandikia juu ya magunia ya sukari bila kuniuliza kitu. Mimi chakula kilikuwa kimenikataa. Kila mtu aliniambia, "Kula, Ndung'u. Jikaze, kula." Na kila nilipoambiwa kula, koo lilizidi kufunga. Neno lenyewe lilikuwa limegeuka jiwe.

Mama Nyambura hakuwahi kulisema. Tukikata trei, zile kingo zisizonyooka hubaki, na kwa kawaida tuliwapa watoto wa jirani. Akachukua kipande kwa ncha ya kisu, akanisogezea.

"Onja hii uniambie imekosa nini."

Kazi ni kazi. Nikaonja. "Ndimu imezidi."

"Kweli? Hebu onja upande huu."

Nikaonja. "Hapa iko sawa."

"Na hapa katikati?"

Kufikia wakati wa kufunga nilikuwa nimekula kingo za trei nzima, na kesho yake nikala ugali. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba trei moja humiminwa kutoka sufuria moja. Ndimu haiwezi kuzidi upande mmoja. Nilimpenda sana yule mama. Nasema wazi kwa sababu enzi zetu mwanamume hakusema, na sijaona tulifaidika nini.

Basi siku ile baada ya simu ya Nyambura nilipika tikisa hapa nyumbani. Stima ilipotea, bila shaka, kwa sababu ilikuwa Desemba na nilikuwa na haraka. Friji ikawa kabati. Nikaongeza jelatini kidogo kwa ajili ya joto, nikaweka trei ndani ya beseni la maji, nikatupia gunia lililolowa juu na kufungua mlango wa nyuma upepo upite, vile tulivyofanya kabla ya bucha na mbuzi wake. Nilipomimina tabaka la nanasi lililochemshwa nikajikuta nimesema kwa sauti, jikoni, peke yangu, "Imeisha, Mama."

Zililala. Nyekundu ya maua ya rosela, nyeupe ya maziwa, na badala ya kijani, manjano ya nanasi. Zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikazipakia, na kwa kuwa huendi kumwona mgonjwa na zawadi moja tu, nikabeba pia majani ya chai, sukari, na nanasi zima lililoiva.

Murera nyumba zimeota kila mahali, lakini kwa Nyambura bado kuna mahindi mpaka dirishani. Mama Nyambura alikuwa ameketi kwenye kiti akitazama hayo mahindi. Alikuwa amebaki mdogo. Leso yake ilimzunguka mara mbili. Nikamsalimia, akageuka akanitazama, akanijua, kwa sababu kope zilicheza. Kisha akarudisha macho dirishani.

Nikaweka tikisa kwenye kisahani, nikamsogezea. Alizitazama. Nilidhani nimeshinda. Nyambura akapiga magoti kando yake na kijiko, akasema, "Mum, ona Anko amekuletea nini. Kula kidogo tu. Tafadhali, kula." Na nikaona midomo ikifunga. Nililiona lile jiwe likishuka, lilelile langu.

"Nyambura," nikasema, "weka maji ya chai." Akainuka, akafika mlangoni akashindwa kutoka, akasimama hapohapo.

Nilikaa. Nikakitazama kisahani. Tikisa zangu zilikuwa hazina kosa, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lao. Angeniambia nini? Zimelala, zimenyooka, ugomvi umeisha. Hakuna kazi iliyobaki kwa fundi.

Nikachukua lile nanasi mezani nikalikata. Harufu ikajaa chumba. Mkono wangu ulisita, niseme kweli, kwa sababu miaka yote nilikatazwa hilo. Halafu nikakamua nanasi bichi juu ya tikisa zangu nzuri, matabaka yote matatu.

Mnajua kilichotokea, mmeshafundishwa. Tulingoja pamoja, mimi na yeye. Kona zikaanza kulegea. Rangi zikaingiliana. Kitu kilichokuwa cha kutafunwa kikawa cha kuteleza chenyewe, na nikaona macho yake yametoka dirishani, yako kwenye kisahani, na ameanza kukunja uso.

"Mama," nikasema, "tikisa zangu zimeharibika. Na wageni wanakuja. Onja uniambie imekosa nini."

Alinyoosha mkono. Nilifikiri anatafuta kijiko, lakini aliushika mkono wangu, akaupima kwa kiganja, akatingisha kichwa kidogo. Wa moto, kama kawaida. Kisha akafungua mdomo.

Nilimtilia kidogo sana. Akafunga macho. Nikaona koo likipanda na kushuka. Mlangoni Nyambura alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Ndung'u." Sauti ilikwaruza kama mlango wa stoo.

"Niko hapa, Mama."

"Nanasi ni mbichi."

"Ni mbichi, Mama."

Akakaa akilisikiliza kwenye ulimi, lile nanasi lenyewe, lile alilolitafuta.

"Ugomvi haijaisha," akasema, akafungua mdomo tena.